Sanduku la bundi lisiwe fupi

Mhariri,

Wakulima wanaosumbuliwa na panya wametundika masanduku ya bundi kutagia kwenye miti ya nyumbani, na tunafurahi kuona hivyo. Ila mengi ni mafupi mno.

Bundi yule mwenye uso mweupe wa umbo la moyo hajengi kiota. Hutaga juu ya mbao tupu. Kwa hiyo kina ndicho cha kuangalia kwanza. Kutoka sakafuni hadi ukingo wa chini wa tundu pawe na sentimita 45 au zaidi. Pakipungua, makinda hutoka kabla mbawa hazijakomaa, huanguka, na kinda likishaanguka chini mara nyingi wazazi hawalilishi tena. Sakafu iwe sentimita 40 kwa 60, tundu 13 kwa 13, na sanduku likae mita 3 au zaidi juu ya ardhi, tundu lisielekee mvua inakotoka.

Anayetaka kuwatazama asifungue sanduku mama akiwa ameatamia, kipindi cha mwezi mmoja hivi. Akishtuka anaweza kuyasusa mayai. Mtazamaji akae mbali jioni giza linapoingia. Mchana aokote chini ya mti madonge meusi anayotema bundi, ayaloweke: ndani mna mafuvu ya panya, meno yakiwa bado yamo. Makinda hupishana ukubwa kwa kuwa mayai hutagwa kwa kuachana siku mbili tatu; mdogo si mgonjwa.

Na tafadhali, sumu ya panya isitegwe hapo. Bundi anayekula panya wenye sumu anaweza kufa naye.

Wapenda ndege