Kwa fundi wangu wa Makoroboi, hapa Mwanza

Shikamoo mzee wangu. Jina lako sikuliuliza, nami najuta. Mimi ni yule kijana aliyekuja na behewa la plastiki la kuchezea, jekundu, linang'aa kama pipi. Nilitaka lifanane na mabehewa aliyopanda babu kwenye Reli ya Kati, ile iliyofika Mwanza mwaka 1928. Ulinikataza kupaka rangi juu ya mng'ao: kwanza msasa laini, kisha rangi nyepesi mara tatu, ikauke kila mara. Halafu ile kahawia uliyoizimua, ukaipitisha kwenye mifereji ya milango, ukafuta kwa kitambaa. Vumbi la Tabora kabisa! Na hela ukakataa. Babu amelishika muda mrefu, akahesabu madirisha kwa kidole. Asante sana, mzee wangu.