Kwa wajukuu zangu mnaozionea haya pua zenu

Wajukuu zangu,

Juzi nilimkuta binti wa miaka 13 amesimama dirishani, simu mkononi, ameibana pua kwa vidole viwili aone itakavyokuwa. Nikacheka. Kicheko kilinikauka mama yake aliponiambia wameshamwona daktari, na kwamba upasuaji wa pua ndiyo zawadi yake ya kumaliza shule. Zawadi!

Pua ya umri huo bado inakua. Kwa wasichana wengi hukoma kwenye miaka 15 au 16. Wavulana huchelewa hadi 17, hata 18. Ukichonga gegedu leo, yaani ule mfupa laini wa pua, uso utaendelea kukua, na pua iliyopimwa kwa uso wa kitoto itajikuta kwenye uso wa mtu mzima. Kuirudia ni kazi ngumu kuliko ya kwanza: ndani kuna kovu, gegedu limepungua, pengine likachukuliwe sikioni au ubavuni.

Na hiyo simu! Mwaka 2018 madaktari wa Marekani walipiga hesabu wakakuta kwamba picha ya kujipiga, kamera ikiwa kama sentimita 30 kutoka usoni, huipanua pua kwa karibu asilimia 30 kuliko ilivyo. Kosa la kamera, kisu kwa mtoto.

Wazazi, nanyi sogeeni. Nani alimwambia mtoto pua yake mbaya? Simu ilikuja baadaye. Ni sisi, sebuleni, tukicheka: "Hapa baba yake kamharibia." Mtoto yupo, anasikia, anameza. Leo tunamlipia daktari afute maneno yetu wenyewe.

Aliyeumia au anayepumua kwa shida ni habari nyingine. Huyo asisubiri kumwona daktari.

Mlio kwenye miaka ya 20 na 30, amueni wenyewe, ila msifanye mwezi mmoja kabla ya harusi: uvimbe wa ncha huchukua mwaka, wakati mwingine zaidi. Wavutaji, acheni sigara kwanza. Wenzangu wazee, hakuna umri uliokatazwa, lakini mwambieni daktari habari za presha na dawa za kuyeyusha damu. Pua yangu imeanza kuinama ncha. Naiacha iiname.

Yule mama nilimwomba asubiri miaka mitatu tu. Hanisalimii tena. Jana binti kanitumia ujumbe: "Bibi, ulipokuwa na miaka 13 ulikuwa na pua gani?" Nimeshusha sanduku la picha, natafuta.