Barua ya wazi kwa mkuu wa uvuvi wa NOAA: upepo wa 2005 ndio ulionikata mshahara 2008

Mheshimiwa Mkuu wa Idara ya Uvuvi wa Baharini ya Marekani, iliyo chini ya NOAA, shirika la serikali la bahari na hali ya hewa,

Salaam kutoka Newport, Oregon. Mi ni mtumbua samaki, kazi yangu ni kisu, maji baridi na mabuti ya mpira, miaka mingi sasa. Barua hii naiandika kwa Kiswahili kwa sababu kwenye laini yetu tupo kadhaa tunaoongea lugha hii, Watanzania, Wakongo, dada mmoja wa Burundi, na nataka wao waisome kwanza, binti yangu ndo ataigeuza Kiingereza akitoka shule halafu tutaituma kwako.

Ombi langu nalisema mapema nisije nikakupotezea muda: msiguse pesa za ile boti inayotoka hapa kila baada ya wiki mbili kwenda kupima bahari, wala za ile safari ya Mei na Juni ya kuvua vifaranga wa samoni baharini. Sasa naeleza kwa nini mtu wa kisu kama mimi anaomba hivyo.

Nimezaliwa Kipumbwi, Pangani, mkoa wa Tanga, baba yangu marehemu alikuwa mvuvi wa madema na mishipi. Kwetu mtoto anajua kusi na kaskazi kabla hajajua kusoma, maana kusi ikishika bahari inachafuka, ngalawa zinalala pwani na nyumbani mnakula ugali na mchicha, kaskazi ikiingia bahari inatulia na sufuria inabadilika. Kwa hiyo kwamba upepo ndio unaoamua nani ale nini, hilo nilikuja nalo. Nisichokijua ni kwamba upepo unaweza ukakosea mwaka huu halafu deni lake ukaja kulilipa miaka mitatu baadae.

Nilifika hapa 2006 na grinikadi yangu, nikaingia kiwandani. 2008 nina mtoto mchanga, kodi ya nyumba naihesabia kwenye ovataimu ya samoni kama mwaka uliotangulia, siku moja tunafika shifti ya asubuhi tunakuta karatasi imebandikwa mlangoni, msimu wa samoni hakuna. Sio kiwanda chetu tu, uvuvi wa biashara wa samoni ulifungwa pwani yote ya California na sehemu kubwa ya Oregon, kitu ambacho wazee wa hapa walisema hawajawahi kukiona. Serikali ikatangaza janga na Bunge likatenga dola milioni 170. Mto Sacramento wa California peke yake, ambao samoni wake wengi tunawapata huku kwetu, mwaka 2002 walirudi kuzaa zaidi ya 700,000, na 2008 wakarudi kama 66,000 hivi. Watu wakatupiana lawama, huyu anasema ni mashamba yamemaliza maji ya mto, huyu simba bahari, huyu wavuvi. Mimi nilikuwa nasikiliza tu huku nafikiria kodi.

Jibu lilikuja na wanasayansi wa idara yako wenyewe walilisaidia kulipata. Wale samoni hawakufa 2008. Walikufa 2005 na 2006, wakiwa na urefu wa kiganja, wiki chache tu baada ya kutoka mtoni.

Ilikuwa hivi. Pwani hii kila majira ya kuchipua, kama Aprili hivi, upepo unageuka unaanza kuvuma kutoka kaskazini kuelekea kusini sambamba na ufukwe, na kwa jinsi dunia inavyozunguka maji ya juu yanasukumwa kwenda mbali na nchi kavu, nafasi yao inajazwa na maji baridi kutoka kilindini yamejaa mbolea, hapo ndipo bahari inageuka kijani na chakula kinaanza kuzaliana. (Kusi yetu ikifika Somalia inafanya kazi hiyohiyo, inavuta maji baridi juu, ndo maana bahari ile ina samaki wengi vile.) Vifaranga wa samoni kwa maelfu ya miaka wamejifunza kushuka mtoni wakati huohuo, wafike mezani chakula kipo tayari. 2005 walishuka kama kawaida, wakafika, meza tupu. Upepo ulichelewa, maji baridi hayakupanda kwa nguvu mpaka katikati ya Julai. Kule visiwa vya Farallon, nje ya San Francisco, ndege wa baharini wanaoitwa Cassin's auklet waliacha mayai na viota wakaondoka kwa sababu hakuna uduvi wa kulisha makinda. Ndege anaweza kuruka akatafute pengine. Kifaranga wa samoni anaenda wapi?

Sasa hapo kwenye chakula naomba nikae kidogo, maana ndipo nilipoelewa yote.

Kuna siku niliwapeleka wanangu kituo cha bahari cha Hatfield hapa ng'ambo ya daraja, mama mmoja mtafiti akawawekea hadubini waangalie vidudu vilivyotoka kwenye wavu asubuhi ile. Mi nikaangalia baada yao. Kidudu kinaitwa kopepodi, hiki cha kwanza kinatoka maji ya kaskazini, upande wa Alaska, ukubwa wake ni kama chenga ya mchele, mwili wake unapenya mwanga kama kioo, na ndani, kutoka karibu na kichwa kwenda mkiani, kuna kifuko kirefu cha mafuta kinang'aa. Mafuta kabisa, unayaona. Halafu akaweka wa pili, hawa wa maji ya kusini yenye joto, ni kama vumbi, vidogo, vikavu, kifuko kile hakipo. Akaniambia jambo ambalo sijalisahau, kwamba sio joto lenyewe linaloua samoni, ni hao wageni wanaoletwa na maji ya joto. Bahari ikiwa kwenye miaka yake ya baridi mkondo unaleta wale wenye mafuta, uduvi na dagaa wanawala, samoni anawala dagaa na uduvi, anakua haraka. Ikigeuka joto wanakuja wale vumbi, mnyororo mzima unakonda kutoka chini, na kifaranga anakula siku nzima lakini hanenepi.

Na asiponenepa kuna vifo viwili vinamsubiri. Cha kwanza ni kwenye wiki za mwanzo, ndege na samaki wakubwa wanamla aliye mdogo kwa sababu ndiye anayeingia mdomoni, pale mlango wa mto Columbia kisiwa cha East Sand kuna ndege wa kutosha kuhakikisha hilo. Cha pili ni majira ya baridi ya kwanza, aliyeingia bila akiba ya mafuta mwilini hatoki. Mi natumbua samoni mkubwa, naona ukuta wa tumbo lake, ule mstari mweupe wa mafuta kwenye minofu unaoteleza mpaka kisu kinakataa kushikika, na siku hizi kila nikiuona nawaza huyu alipata chakula kizuri mwezi wake wa kwanza baharini, wenzake wale wengine hawakupata.

Haya, yote hayo tumeyajuaje? Kwa sababu kuna mtu aliamua boti itoke. Bill Peterson wa idara yako, 1996, akaanza kutoka hapa Newport kila baada ya wiki mbili hivi, vituo vilevile, mpaka maili 25 za baharini, kupima joto, chumvi, na kuhesabu hao kopepodi mmoja mmoja. 1998 ikaongezwa safari ya kuvua vifaranga wenyewe kwa wavu wa kukokota nje ya Oregon na Washington. Yeye alifariki 2017 na kazi wenzake wakaendelea nayo. Wanatoa jedwali la rangi kila mwaka, kijani, njano, nyekundu, mtu ambaye hajasoma anaelewa: vifaranga walioingia mwaka huu wamekuta bahari ya aina gani. Sisemi jedwali linapatia kila mwaka, halipatii, kuna miaka rangi zimechanganyika na samaki wakarudi tofauti na walivyodhani. Ila hata kukosea kwake kunatufundisha kwa sababu kuna rekodi ya kulinganisha.

Mfano ni lile joto kubwa lililoanza Ghuba ya Alaska mwishoni mwa 2013, ambalo Nick Bond, mtaalamu wa hali ya hewa wa Chuo Kikuu cha Washington, alilipa jina la Blob. Lilitufikia pwani hii Septemba 2014. Mwaka uliofuata mwani wenye sumu ukatanda na msimu wa kaa ukachelewa mpaka Januari 2016, hiyo naikumbuka vizuri maana Krismasi ile mimi na wenzangu tuliipitisha bila shifti. Halafu 2017 watu wanasema maji yamepoa, mambo yamerudi sawa, boti ya Juni inatupa wavu inatoa mirija ya plastikiplastiki, viumbe laini vinaitwa pairosomu, kawaida yao ni maji ya joto kusini huko, vimejaa mpaka vinaziba nyavu, na vifaranga wa samoni walikuwa miongoni mwa wachache kabisa kuwahi kupatikana tangu 1998. Juu ya maji pametulia, chini bado pana ugonjwa. Bila boti nani angejua, tungesubiri karatasi mlangoni kama 2008.

Ndo maana kila msimu wa bajeti ukifika Washington na watu hapa mjini wanaanza kunong'ona kwamba utafiti utapunguzwa, mi silali vizuri. Ukiruka mwaka mmoja huwezi kurudi kuupima. Maji ya Mei iliyopita yameshaenda. Na linganisha tafadhali ile milioni 170 na mafuta ya boti moja ndogo.

Kuna jambo la pili, na hili nakuomba ulisikilize kwa makini kwa sababu nimeona watu wanalitumia vibaya. Wakishasikia kwamba bahari ndiyo inayoua, wanasema basi mabwawa hayana kosa, mito haina kosa, tuache. Hapana. Kifaranga wa mto Snake, ule unaoingia Columbia, anapita mabwawa 8 mpaka afike chumvi, akifika amechoka au amechelewa, na bahari ile mbovu inamkuta hana nguvu. Malengo ya Baraza la Nishati na Uhifadhi la huku kaskazini-magharibi yanasema katika vifaranga 100 warudi wakubwa 2 mpaka 6, na samaki wa Snake miaka mingi hawafiki hata hao 2. Bahari hatuwezi kuipangia upepo. Mto tunaweza, kwa hiyo bahari inapokuwa mbaya ndipo mto unapotakiwa uwe mzuri zaidi, sio kinyume chake. Makabila ya mto Columbia, Nez Perce, Umatilla, Warm Springs na Yakama, walisaini mikataba na serikali yako 1855 ya kuendelea kuvua sehemu zao za zamani, na mkataba wa kuvua mto usio na samaki ni karatasi tu.

Na vituo vya kuzalisha vifaranga pia. Columbia peke yake inaachiliwa vifaranga zaidi ya milioni 100 kwa mwaka, wengi wa umri mmoja, ukubwa mmoja, wanashuka siku zinazokaribiana. Ripoti iliyochunguza 2008 ilisema wazi kwamba bahari ndiyo iliyopiga, lakini pigo lilikuwa kubwa vile kwa sababu samaki wa Sacramento walishakuwa karibu wote wa aina moja wa vituoni. Samaki wa porini wanatofautiana, wengine wanashuka mapema, wengine wanachelewa, upepo ukichelewa wale wazembe ndo wanaookoka na kubakiza kizazi. Mzee wangu hakuwahi kutega madema yote mwamba mmoja hata siku moja, alikuwa anasema mwamba ukinuna watoto watakula nini. Kwa hiyo naomba vituo viambiwe vitawanye siku za kuachilia, na wale watu wa boti ya wiki mbili wakishaona kopepodi wenye mafuta wameingia au bado, mtu wa kituo apigiwe simu siku hiyohiyo. Boti ipo, simu ipo.

La mwisho ni dogo. Lile jedwali la rangi libandikwe gatini na kwenye milango ya viwanda, kwa Kispanyola, na kwa lugha nyingine za watu wa laini, Kiswahili nitakitafsiri mwenyewe bure. Mwaka 2005 kuna watu walishajua bahari ni tupu. Sisi tuliambiwa 2008. Miaka mitatu ile mtu angeweza kutafuta kazi nyingine, angeweka akiba, asingezaa kwa hesabu ya ovataimu.

Kila asubuhi nikivuka daraja la Yaquina kwenda shifti naangalia kule chini kwenye gati la Hatfield. Boti inaitwa Elakha, ndogo, nikiikuta haipo najua imetoka kupima na moyo wangu unatulia. Naomba jibu lako kabla ya safari ya Mei.

Wako mtiifu,
Mtumbua samaki wa Newport, mtoto wa mvuvi wa Kipumbwi