Taarifa ya Mwaka 2025 ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Umoja wa Wazazi

Ndugu wanachama, walimu wetu na Padre Mlezi, Tumsifu Yesu Kristo. Na kwa ndugu zetu Waislamu, Asalaam aleikum.

Shughuli za kawaida mnazifahamu, na sitazirudia kwa kirefu: mahafali ya Darasa la Saba yalifanyika, tangi la maji lilikarabatiwa, siku ya wazazi ilifana, na kamati ilikutana kila muhula. Naomba muda uliobaki niutumie kwa jambo lililotugawa, yaani uamuzi wa Kamati Tendaji wa mwezi Machi kuhusu watoto Waislamu wanaofunga Ramadhani katika shule yetu ya Kikatoliki.

Mwaka huu Ramadhani na Kwaresima zilianza ndani ya wiki moja, kwani Jumatano ya Majivu iliangukia tarehe 5 Machi wakati ndugu zetu wakiwa wameshaanza kufunga. Tulikubaliana na uongozi wa shule kwamba watoto wanaofunga wakae maktaba na mwalimu wakati wenzao wanakula, fedha zao za chakula cha mchana zihamishiwe muhula unaofuata, na wavulana wa Darasa la Sita na la Saba waruhusiwe kwenda sala ya Ijumaa kwa barua ya mzazi. Mimi binafsi ndiye niliyepeleka ombi hilo kwa Sista Mwalimu Mkuu, na sioni sababu ya kulificha.

Baadhi ya wazazi Wakatoliki walilalamika kwamba tunaigeuza shule ya Kanisa kuwa madrasa. Malalamiko hayo yaliniumiza, kwa sababu yalitoka kwa watu ninaosali nao. Nawaomba wakumbuke kwamba tamko la Nostra Aetate la Mtaguso wa Pili wa Vatikano, lililotimiza miaka 60 tarehe 28 Oktoba mwaka huu, linasema wazi kwamba Kanisa linawaheshimu Waislamu, na linataja sala, sadaka na kufunga kwao. Sheria ya Kanisa inakataza kumshurutisha mtu yeyote aipokee imani katoliki, na ibara ya 19 ya Katiba ya nchi yetu inalinda uhuru wa kila mtu wa kuabudu. Kwa hiyo kamati haikubuni jambo geni, bali ilitekeleza yale ambayo Kanisa lenyewe limekwisha kuyafundisha. Isitoshe, hapa Dar es Salaam tunazikana, tunachangiana harusi na tunaalikana futari bila kuulizana dini. Sielewi kwa nini heshima hiyo iishie kwenye geti la shule.

Zilienea pia habari kwamba mfuko wa Umoja ulinunua futari. Si kweli. Futari ile ilichangwa na wazazi wachache kwa hiari yao, Wakristo wakiwemo, na daftari la mhazini liko wazi kwa anayetaka kulikagua. Papa Fransisko, aliyetia saini Hati ya Udugu wa Kibinadamu pamoja na Sheikh Ahmed el-Tayeb, Imamu Mkuu wa Al-Azhar ya Misri, huko Abu Dhabi tarehe 4 Februari 2019, alipofariki Jumatatu ya Pasaka, wazazi Waislamu walikuja kutupa pole na wakaketi nasi kwenye Misa ya kumwombea, bila kuitwa na mtu. Wale waliodai kwamba heshima yetu inakwenda upande mmoja tu, sijui siku ile walikuwa wapi.

Nimeulizwa pia kwa nini jambo hili halikuamuliwa na wanachama wote. Mkutano wa dharura uliitishwa mwezi Februari. Kati ya wanachama 214 walifika 61, na akidi ni 107. Katiba ya Umoja wetu inaipa kamati mamlaka ya kuamua jambo la haraka, nasi tuliyatumia. Inasikitisha kwamba sauti zilizokuwa kubwa zaidi kwenye kundi la WhatsApp ni za watu ambao hawakuhudhuria, na mtu hawezi kukwepa kikao kisha akadai kwamba hakushirikishwa.

Hali ya ada ya uanachama nayo hairidhishi. Ada ni shilingi 20,000 kwa mwaka. Wamelipa wanachama 97, jumla shilingi 1,940,000, na wanaodaiwa ni 117, jumla shilingi 2,340,000. Wadaiwa wamo Wakatoliki, Walutheri na Waislamu, wa Masaki na wa Gongo la Mboto. Katika hili hakuna wa kumnyooshea mwenzake kidole. Fedha hizo ndizo tulizotegemea kuwasaidia watoto ambao wazazi wao wanashindwa kununua sare, na ambao huchekwa na wenzao kwa sababu hiyo.

Kwa mwaka 2026, Jumatano ya Majivu ni tarehe 18 Februari, na Ramadhani inatarajiwa siku hizo hizo. Kamati inapendekeza utaratibu wa Machi uendelee. Tunatumaini pia, Mungu akitujalia, kuandaa siku ya mazungumzo ya wazazi wa dini na madhehebu yote, na kushirikiana na walimu kukomesha dhihaka za kabila na lafudhi darasani.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti, Umoja wa Wazazi
Dar es Salaam