Waanze kwenda walimu

Tanga, Agosti

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka huku pwani. Sisi hatujambo, kusi inavuma na shule zimefunguliwa. Barua yako niliipata, nikaisoma, nikairudia. Nimefurahi mno kusikia kwamba mkuu wako wa shule amekukabidhi ushauri na unasihi, maana najua utaifanya kazi hiyo kwa moyo. Unasema kidato cha nne wanakujia na Selform mkononi, ile fomu ya kuchagua masomo na vyuo vya baada ya kidato cha nne, wanataka uwaambie wajaze nini, na wewe huna la kuwaambia zaidi ya kuangalia alama zao. Nakujibu kwa urefu kwa sababu jambo hili limenikaa rohoni, na likizo ya Juni tulilishughulikia hapa shuleni kwetu.

Tuangalie maisha yetu sisi walimu. Tuliingia darasa la kwanza, tukapanda hadi kidato cha sita, tukaenda chuo, tukapangiwa kituo, tukajikuta mbele ya ubao uleule. Wengi wetu hatujawahi kukesha zamu ya usiku kiwandani wala kupokea mshahara popote pengine isipokuwa shuleni. Halafu mtoto wa miaka 16 anatuuliza ashike kazi gani, nasi tunamsomea orodha tuliyorithi: daktari, mhandisi, mwanasheria, rubani, mhasibu. Mwenye A za sayansi anaambiwa PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia), mwingine HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), na asiyefaulu anaambiwa "basi nenda VETA", yaani chuo cha ufundi stadi, kwa sauti ya kumfariji aliyefiwa. Simlaumu mwalimu hata mmoja. Hakuna aliyetupeleka kuona.

Ndiyo maana nakwambia: kabla hujakodi basi la kupeleka wanafunzi popote, wapeleke walimu kwanza. Ziara za wanafunzi unazijua. Basi linajaa, tunapokewa getini, tunatembezwa haraka, tunapiga picha, tunagawiwa soda, tunarudi. Mtoto ameiona mashine lakini hakumwona mtu anayeiendesha: alisomea wapi, alianzaje, analipwa vipi, anaumwa nini mgongoni akifika miaka 40. Mwalimu mmoja akiielewa kazi moja sawasawa, atawafaa watoto wa miaka mingi ijayo.

Sisi tuligawana wawili wawili. Wa Biolojia na wa Kemia walikwenda Bombo, hospitali yetu ya rufaa ya mkoa. Wa Kilimo na wa Jiografia walikwenda kwenye shamba la mkonge. Mimi na mwenzangu wa Hisabati tukaenda bandarini.

Unaikumbuka bandari ya Tanga ya zamani. Meli kubwa ilitia nanga mbali, mzigo ukateremshwa kwenye matishari, ukavutwa hadi gatini, ukapakuliwa mara ya pili. Maji ya gatini yalikuwa ya mita 3 tu. Sasa yamechimbwa hadi mita 13, gati zimejengwa upya kwa urefu wa mita 450, na meli inafunga kamba palepale. Watu wa mjini wanaliona hilo kuwa habari ya uchumi. Kwa mwalimu ni habari ya ajira: kuna kazi za tishari zilizopungua, na kuna kazi za mitambo na kompyuta zilizoongezeka, na bado tunao wanafunzi wanaoamini kwamba kufanya kazi bandarini ni kubeba magunia kama babu zao.

Acha nikueleze saa moja tu ya siku ile, maana ndiyo iliyonifundisha zaidi. Tulivaa helmeti na vizibao vya kung'aa, tukakabidhiwa kwa mwendesha kreni aliyekuwa anasubiri zamu yake. Akatuonyesha kijedwali kilichobandikwa ndani ya chumba cha kreni. Upande mmoja kimeandikwa umbali wa mzigo kutoka kwenye kreni, upande mwingine uzito unaoruhusiwa. Akasema, "Mwalimu, mkono ukirefuka, uzito unapungua. Ukilisahau hilo unaua watu." Akatuonyesha jinsi anavyopiga hesabu kabla ya kuinua: kontena tupu la futi 20 peke yake ni zaidi kidogo ya tani 2, hapo hujaweka mzigo wala vifaa vya kunyanyulia. Shoga, ile ni momenti ya kidato cha pili! Mada ninayoifundisha kwa rula na vipande vya chaki, na wanafunzi wananiuliza itawasaidia nini. Mwenzangu wa Hisabati alikuwa ameshatoa daftari, anakinakili kijedwali kizima. Muhula huu swali la kwanza alilotoa kidato cha tatu lilitoka humo.

Tukamuuliza yule bwana alifikaje pale. Hakupita kidato cha sita. Alianza kama dereva wa magari makubwa, akasoma mafunzo ya mitambo, akafanyiwa majaribio, akapata cheti. Akatutajia Chuo cha Bandari kilichopo Temeke. Akatuambia pia ubaya wa kazi: zamu za usiku, joto la chumba cha kreni mchana, na kwamba macho yakianza kufifia, kazi inakwisha. Mambo hayo hayamo kwenye kipeperushi chochote.

Kutoka hapo tulikaa na dada mmoja wakala wa forodha. Nilidhani, kama wengi, kwamba wakala ni mtu wa kukimbia na karatasi. Kumbe kazi hiyo ina cheti chake kinachotambulika Afrika Mashariki nzima, kinachofundishwa hapa nchini na Chuo cha Kodi. Anatakiwa kuujua mzigo ni kitu gani hasa, maana bidhaa inapangwa kwenye kundi lake na ushuru unafuata kundi. Mwanafunzi wa biashara anayependa kusoma kwa makini na asiyechoka na vipengele vidogo vidogo angeng'ara katika kazi hiyo. Ninao kadhaa wa namna hiyo darasani, na hakuna aliyewahi kuwatajia. Halafu kuna kupima uzito: tangu Julai 2016 sheria za kimataifa za usalama baharini zinataka kila kontena lililojazwa lithibitishwe uzito wake kabla ya kupakiwa melini. Hiyo nayo ni kazi ya mtu, inataka mizani, kumbukumbu na uaminifu.

Waliokwenda Bombo walirudi na habari ya fundi sanifu wa vifaa tiba. Sisi tunapowaza hospitali tunawaza daktari na nesi, basi. Mtu huyu ndiye anayehakikisha mashine ya oksijeni inafanya kazi, anayefungua mashine ya kuwatunzia joto watoto njiti ikigoma, anayezipima mashine za maabara ili majibu yasidanganye. Inataka Fizikia zaidi kuliko Biolojia, na unaweza kuisomea Chuo cha Ufundi Arusha au DIT, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, baada ya kidato cha nne. Mwenzetu wa Biolojia alinikumbusha binti wetu mmoja wa kidato cha tatu anayetengeneza redio za majirani na ambaye kila siku anasema anataka kusaidia wagonjwa. Tulimwita, tukamweleza. Akauliza maswali mpaka kengele ya chakula ikalia.

Ya mkonge nitakusimulia tukionana.

Sasa wewe uko Nzega, na hapo ndipo ninapotaka unisikilize. Bomba la mafuta ghafi lenye kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, linaishia kwetu huku Chongoleani, lakini mabomba yake yamekuwa yakifanyiwa kazi wilayani kwako, kwenye kiwanda cha pale Sojo. Mafuta yale yana nta, yakipoa yanaganda, kwa hiyo kila bomba linavalishwa tabaka la kutunza joto, ikiwemo povu la poliyurethani. Hilo ni somo zima la Kemia na la Fizikia limekaa jirani yako! Ni walimu wangapi wa sayansi wa Nzega wamewahi kuingia pale na daftari? Na usiishie kwa wahandisi. Muulize mchomeleaji ana cheti gani na alifanya jaribio gani. Muulize anayekagua viungio, maana kiungio cha bomba kinachunguzwa kwa mionzi au mawimbi ya sauti bila kukatwa, na wanaoijua kazi hiyo ni wachache. Muulize afisa usalama. Muulize mpishi wa kambi. Ujenzi wa bomba una mwisho wake, na wanafunzi lazima wajue hivyo, lakini mchomeleaji mwenye cheti anahama na cheti chake.

Jinsi ya kuanza: barua ya maombi ipitie kwa mkuu wa shule, imtaje afisa utumishi wa sehemu husika, na iseme wazi kwamba walimu ni wawili tu, watakaa siku nzima, hawaombi posho wala kupiga picha. Idadi ndogo inafungua milango. Kuna ofisi moja ilituweka chumba cha mikutano asubuhi nzima tukitazama slaidi za historia ya taasisi, tukaondoka kama tulivyoingia. Kwa hiyo omba tangu mwanzo ukabidhiwe kwa msimamizi wa zamu au fundi, siyo kwa afisa uhusiano. Fika zamu inapoanza. Kula walipo wao. Maswali ya maana huja wakati wa chai, mtu akishakuzoea.

Usiogope kuuliza mambo ya mikataba. Wangapi wameajiriwa na wangapi ni vibarua wa kutwa? Michango ya NSSF inapelekwa? Msichana akipangiwa zamu ya usiku anarudije nyumbani? Akisumbuliwa anamwambia nani? Mimi naona mwalimu anayempeleka mtoto kwenye kazi bila kumweleza haya amemfungia macho. Tunataka wachague wakiwa wanajua, pamoja na ugumu wake.

Mkirudi, msiyaache madaftarini. Tunavyo vile vikao vya jumuiya ya kujifunza chini ya MEWAKA, yale mafunzo endelevu ya walimu kazini, ambavyo mara nyingi vinakosa la kuzungumza. Sisi tulivitumia: kila wawili wakasimulia, wengine wakauliza, kisha kila mwalimu akatafuta mahali somo lake linapogusa kazi iliyosimuliwa. Mwalimu wa Kiswahili alitushangaza sote. Alichukua ripoti ya ajali ndogo tuliyoonyeshwa, iliyofutwa majina, akawafundishia uandishi wa ripoti. Nilisoma kazi za wanafunzi wake, zilikuwa zimenyooka.

Na jambo hili lina haraka. Mtaala mpya ulioanza 2024 umeweka mkondo wa jumla na mkondo wa amali, yaani wa ufundi na stadi za kazi, tangu kidato cha kwanza, maana yake mtoto na mzazi wanaamua mapema kuliko sisi tulivyoamua. Mzazi akikuuliza tofauti ya mikondo hiyo miwili, hataki kusikia waraka. Anataka kujua mtoto wa mwenziwe aliyepita njia ile anafanya nini leo. Wa kumjibu ni mwalimu aliyekwenda kuona. Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 akilalamika kwamba shule inamtenga mtoto na maisha ya wenzake. Shamba la shule tulilipata, ingawa mahali pengi liligeuka adhabu ya wachelewaji. Mwalimu kuijua kazi ya jirani yake bado hatujalifanya kwa dhati, na halihitaji bajeti kubwa. Nauli, chakula cha mchana, na ruhusa.

Kuhusu Selform zilizopo mezani kwako sasa, usihangaike kupita kiasi. Wajaze kwa kadiri wanavyojua, maana matokeo yakitoka wanapewa nafasi ya kubadilisha machaguo. Tumia miezi hiyo ya katikati. Likizo ya Desemba nenda wewe na mwenzako wa Kemia, hata kama ni karakana moja ya pale mjini au maabara ya hospitali ya wilaya, kama Sojo itachelewa kujibu.

Nimeambatanisha karatasi yetu ya maswali. Imechakaa kidogo kwa kupita mikono mingi, inakili kisha ongeza ya kwenu. Nambie pia kama unamfahamu mtu yeyote ndani ya kiwanda kile cha Sojo, hata mlinzi, maana mwenzangu wa Hisabati amesema akipata mwaliko atapanda basi kuja huko kwa nauli yake mwenyewe, na mimi nitafuatana naye.

Wasalimie nyumbani, na mwalimu wa taaluma mwambie bado namdai kitabu changu cha Fizikia.

Ni mimi shoga yako,
Mwalimu wa Tanga