Barua kwa Kathure wa Nanyuki

Makongo, Dar es Salaam
14 Septemba 2025

Shoga yangu Kathure,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, ila maji hayajatoka tangu Jumanne, na hapa ninapoandika sikio liko kwenye bomba.

Ile sauti yako ya WhatsApp nimeisikiliza mara mbili. Umepata kazi ya kufua nguo kambini kwa jeshi la Waingereza hapo Nanyuki, Kenya, mkataba wa mwaka mmoja, mshahara unaushinda ule wa hotelini. Hongera, mwaya! Halafu mwishoni, kwa sauti ya chini, ukauliza: na wakiondoka? Hilo ndilo limenifanya nishike kalamu.

Unajua nyumba yetu iko nyuma ya kambi ya Lugalo. Zamani iliitwa Colito, na babu mzaa mama alikuwa mpishi kwenye mesi ya maofisa wa Kiingereza. Usiku wa kuamkia 20 Januari 1964 askari wakaasi, maofisa wakafungiwa, kisha wakapandishwa ndege kwenda Nairobi. Babu, asiyejua hili wala lile, alfajiri akaenda kuwasha jiko. Langoni akamkuta kijana anayemfahamu, kavaa kofia isiyo yake. "Mzee, rudi nyumbani, leo hakuna wa kumpikia." Ndiyo ikawa barua yake ya kuachishwa kazi. Siku tano baadaye makomando wa Kiingereza walitua kuzima maasi, kikosi kikavunjwa, na Septemba likaundwa jeshi letu jipya, JWTZ.

Babu alibaki na makopo matatu ya kuokea mkate na karatasi moja ya sifa iliyopigwa taipu. Mama anayo mpaka leo: mwaminifu, hanywi pombe, anaoka vizuri. Saini haisomeki. Karatasi ile haikumpa kazi hata siku moja, maana aliyeiandika alishaondoka, utamuuliza nani? Makopo ndiyo yaliyowasomesha kina mama, kwa mkate wa Magomeni.

Lakini si kila kambi hufungwa kwa usiku mmoja. Waingereza walitangaza Januari 1968 kwamba watatoka Singapore, na kambi zao zilikuwa zikichangia kama sehemu moja ya tano ya pato la kisiwa. Walimaliza kuondoka mwishoni mwa 1971. Muda ule ulitosha kuligeuza gati la manowari la Sembawang kuwa karakana ya meli za biashara, fundi akabaki na spana yake palepale. Ufilipino mambo yalikwenda mbio: Seneti ilikataa mkataba wa kambi za Wamarekani Septemba 1991 kwa kura 12 dhidi ya 11, na Novemba 1992 Wamarekani wakawa wametoka kambi yao ya manowari ya Subic. Kura ya siku moja, shoga, na maelfu ya watu wakaanza kutafuta kazi nyingine. Na mwaka huu huu Wafaransa wamekabidhi kambi yao ya mwisho Dakar mwezi Julai. Wasenegali 162 walioajiriwa na jeshi lenyewe waliambiwa mapema kwamba mikataba yao inaisha tarehe mosi ya mwezi huo.

Nasema "na jeshi lenyewe" kwa makusudi. Mkataba wako una jina la nani juu? Kama ni la mkandarasi, basi siku ya kufunga wewe humo kwenye hesabu ya jeshi, uko kwenye hesabu ya mkandarasi, na yeye anaweza kukunja virago kabla yao. Miaka saba ya kuchapa kesi za kazi kwa wakili imenifundisha kuanza na jina hilo kabla ya mshahara.

Sheria yenu ya ajira ya 2007 si mbaya. Kazi ikifutwa, una haki ya malipo yasiyopungua siku 15 kwa kila mwaka uliotimiza, na lazima upewe cheti cha utumishi. Lakini mkataba wa mwaka ukifika tamati wenyewe, hakuna kazi iliyofutwa, kwa hiyo malipo hayo hayakuhusu. Hapo ndipo wengi hushangaa. Kwa hiyo weka hati zote za mshahara, hakikisha michango ya NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, inaingia kweli, na jina la msimamizi liandikwe lisomeke. Usiwe kama babu.

Kazi ichukue, sikukatazi. Na ile mashine ya kufulia ya mitumba uliyoniambia, inunue mishahara ikiwa bado inaingia. Mashuka ya hoteli za Nanyuki hayamngojei Mwingereza.

Nitumie picha ya ukurasa wa kwanza wa mkataba. Bomba limeanza kukoroma, nakimbilia ndoo.

Wako,
Rehema