Damu baridi si ruhusa ya kumtesa mnyama

Mhariri,

Nimefundisha biolojia miaka 26. Kila mwaka, tulipofika mada ya mfumo wa fahamu, niliweka chura hai mezani, nikapenyeza sindano nyuma ya kichwa chake na kuuvuruga ubongo wanafunzi wakitazama. Siku moja msichana wa dawati la mbele aliniuliza, "Mwalimu, haumii?" Nikamwambia huyu ni mnyama wa damu baridi. Akainama, akaliandika jibu hilo daftarini. Halikuwa jibu, nami nimeishi nalo tangu hapo.

Kosa langu limo hata ndani ya sheria. Marekani ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 1966, lakini marekebisho ya 1970 yalitamka kuwa "mnyama" ni yule wa damu moto. Chura, kobe, nyoka na samaki wa maabara wakabaki nje.

Jina "damu baridi" lenyewe linapotosha. Mjusi wa jangwani akishaota jua, damu yake huweza kuzidi nyuzi 37 za mwili wangu. Joto analipata nje, basi. Mishipa ya fahamu anayo.

Mwaka 2003, nchini Uingereza, mtafiti Lynne Sneddon na wenzake waliwadunga samaki aina ya trauti asidi ya siki midomoni. Samaki waliacha kula kwa muda, wakawa wanasugua midomo kwenye kokoto. Walipopewa mofini, dawa ya kutuliza maumivu, kujisugua kukapungua. Mofini ilituliza nini, kama si maumivu?

Uingereza hiyohiyo, sheria ya 2006 inawalinda wanyama wote wenye uti wa mgongo walio chini ya uangalizi wa binadamu, na ile ya 2022 imewatambua hata pweza, kaa na kamba kuwa wana hisia. Kwa hiyo kuwalinda kisheria kunawezekana.

Ila kufuta maneno "damu moto" katika sheria peke yake hakutoshi. Ubongo wa kobe huvumilia kukosa oksijeni, hivyo kichwa kikishakatwa huendelea kufanya kazi kwa muda. Kifo cha haraka kwa kuku ni mateso marefu kwa kobe. Nyoka asiye na mahali pa kuota joto hushindwa kusaga chakula tumboni. Kanuni ziandikwe pamoja na watu wanaowatunza viumbe hawa kila siku.

Kwa madarasa naomba kifungu kimoja: mnyama yeyote mwenye uti wa mgongo asichomwe wala kupasuliwa angali hai mbele ya wanafunzi. Kingekuwapo enzi zangu, yule msichana asingekuwa na haja ya kuniuliza.

Mwalimu mstaafu wa biolojia